Sanctus ya Kamina

Sanctus ya Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kongo, haifiki dakika mbili. Ngoma inakwenda taratibu, mwimbaji mmoja anatoa sauti ya juu isiyokazwa, na wenzake wanampokea kabla pumzi yake haijakatika. Hakuna anayekimbilia mbele. Wakifika kwenye Hosanna mwendo unabadilika ghafla: ngoma zinachangamka, sauti zinafupishwa, na waliokuwa wamesimama kwa unyenyekevu sasa ni kama wanacheza. Mpito huo unafanyika bila mshono kuonekana, na ndio unaonirudisha kwenye santuri hii kila mara.

Sauti hizo ni za Kamina, makao makuu ya mkoa wa leo wa Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Septemba 1953 Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika kuongoza shule ya mji huo, na muda si mrefu akaunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15. Kwa desturi ya ukoloni, wakapewa jina la mfalme wa Wabelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yenyewe ilizaliwa katika mazoezi yao na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza misheni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kampuni ya Philips ikairekodi, na santuri ikaitambulisha Kamina kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo.

Walipoirekodi hawakuwa na noti mezani. Maneno yalikuwa yale ya Kilatini ya misa ya siku zote, lakini muziki ulikuwa bado unatungwa midomoni mwao. Watu wakisikia hivyo hudhani kila mmoja aliimba lililomjia. Sikiliza tena. Ili kundi la watoto na watu wazima waingie pamoja katikati ya pumzi ya kiongozi, lazima wote wajue sentensi yake inaelekea wapi. Mpangilio wa sehemu ulikwisha kukubaliwa, mapigo ya msingi yalikwisha kukaa miilini, na mpaka wa kila kiitikio ulijulikana. Kilichoachwa wazi ni mapambo: kiongozi arefushe silabi ipi, sauti ya pili ijaze wapi, mpiga ngoma aongeze nini pale waimbaji wanapopumua. Uhuru wa namna hiyo hupatikana baada ya mazoezi mengi mno.

Nyimbo walizozitegemea nyingi ni za eneo la Kasai, ingawa Kamina ilikuwa katika mkoa wa Katanga. Jambo hilo linaeleweka ukiutazama mji wenyewe. Kamina ni makutano ya reli: treni ikitoka Lubumbashi, njia moja inaelekea Kasai hadi Ilebo, nyingine inapinda kwenda Kabalo na Kalemie. Watu wa Kasai walisafiri na reli hiyo na kuifanyia kazi, wakaja na nyimbo zao za ndoa, za msiba na za kazi. Inauma kukumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na wengi walilala vituoni wakingoja treni ya kuwarudisha. Santuri ya 1958 inabaki na sauti ya mji uliokuwa umekwisha kuchanganyika.

Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana wa Bakwa Luntu, watu wa Kasai. Uchaguzi huo ni wa ajabu. Mahali hapo katika ibada waamini wanamlaki Ajaye kwa jina la Bwana, nao wameletewa wimbo wa kumsindikiza anayeondoka. Upole wa kuagana unaingia katika kukaribisha, kisha Hosanna, kwa mapigo ya ngoma ya kuchezwa ya Kasai, inaufungua mlango.

Hata hivyo, ufundi mkubwa zaidi uko kwenye Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani. Kila mtunzi wa misa anaiogopa sehemu hii kwa sababu maneno ni mengi na kila moja lazima litamkwe. Wanakamina waliiendea kwa njia ya kasala, utenzi wa Waluba unaosimulia mtu alikotoka, ukoo wake na matendo yake, na ambao husikika sana msibani. Ukiifikiria Kanuni ya Imani utaona ni hadithi ya aina hiyohiyo: amezaliwa na nani, akateswa chini ya nani, akafa, akazikwa, akafufuka. Mtangulizi anaubeba usimulizi, kundi linauthibitisha. Kisha, kabla ya kufika kwenye kusulubiwa, inasikika ngoma ya kutangaza kifo. Msikilizaji wa Kamina hakuhitaji Kilatini ili ajue kilichotokea. Alikwisha kuambiwa na ngoma, kama angeambiwa kuhusu jirani yake, na yanayoimbwa baada ya hapo anayapokea akiwa tayari msibani. Sijui misa nyingine inayoyasimulia mateso kwa uchache wa zana kiasi hiki.

Mwaka huo wa 1958 kwaya ilizunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Ni mwaka wa Maonyesho ya Dunia ya Brussels, ambako Wakongo wengine waliwekwa katika kijiji cha kuigiza ili watazamwe, wakadhihakiwa na wageni hadi wakaamua kurudi nyumbani. Miaka kumi baadaye mwongozaji Lindsay Anderson aliiweka Sanctus katika filamu yake If...., na mwaka 1969 wimbo huo uliingia kwenye chati za Uingereza.

Jina linalotajwa kama mtunzi ni la Padre Haazen. Alikuwa na sikio zuri, na alikuwa na busara ya kutowalazimisha wavulana hao waimbe kama wa Antwerp. Lakini misa iliyotoka katika uimbaji wa papo kwa papo ina watunzi wengi, na kwangu mmoja wao ni Joachim Ngoi, mwalimu na mwimbaji kiongozi. Ile sauti ya juu inayoitangulia kwaya bila kuikandamiza ni yake, na maamuzi ya kila nukta ni yake pia. Walimu wenzake na wavulana wale walistahili kuandikwa majina yao pamoja naye.

Baadaye misa iliandikwa kwa noti, na kwaya za nchi nyingi zikaweza kuiimba. Mwaka 1990 Philips ilitoa rekodi ya Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga. Ni kazi safi, yenye sauti za wanawake zinazoipa upana ambao wavulana wa Kamina hawakuwa nao, na kila mwingilio uko mahali pake. Zisikilize zote mbili kwa kufuatana, hasa Kyrie. Waimbaji wa Nairobi wanajua sentensi itaishia wapi kwa sababu imekwisha kuandikwa. Wale wa Kamina wanajua kwa sababu wanamsikiliza Ngoi, na ndiyo maana kiitikio chao hufika mapema kidogo, kikigusana na mwisho wa sauti yake.