Usiku Mmoja wa Koji Kondo

The Legend of Zelda, mchezo wa video wa Nintendo, ulikuwa umebakiza hatua za mwisho pale mtunzi wa muziki wake, Koji Kondo, alipogundua kwamba muziki wa skrini ya mwanzo hautawezekana. Alikuwa amepanga kutumia Boléro ya Maurice Ravel, kwa kuwa mwendo wake ulilingana vizuri na maandishi yanayopanda taratibu kwenye skrini hiyo. Lakini Ravel alifariki Desemba 1937, na hakimiliki ya kazi yake ilikuwa bado hai. Diski za mchezo huo zilitakiwa madukani Japani tarehe 21 Februari 1986. Kwa simulizi yake mwenyewe, Kondo alikesha usiku mmoja, na kulipokucha muziki mwingine ulikuwa tayari.

Kisa hiki husimuliwa kama muujiza. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazokuruhusu kuzima na kuwasha sauti za gemu la zamani moja baada ya nyingine, na ukiusikiliza muziki ule kwa namna hiyo, muujiza unapungua. Unachokutana nacho ni kazi ya mtu aliyekuwa anajua kila kitu kinakaa wapi.

Kwanza, chombo chenyewe. Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka 1983, ina sauti tano tu. Mbili ni mawimbi ya mraba, makali na ya wazi. Mtunzi huchagua upana wa wimbi kati ya namna nne, ingawa mbili kati ya hizo sikio halizitofautishi. Nyembamba hulia puani, pana hulia kwa sauti nene yenye uwazi ndani. Ya tatu ni wimbi la pembetatu, laini, ambalo kwa kawaida hupewa kazi ya besi. Wimbi hili halina kabisa namna ya kuongezwa au kupunguzwa nguvu: ama linalia, ama limenyamaza. Ya nne ni mvumo kama wa redio iliyopoteza stesheni, na kwa kuukatakata vipande vifupi mtunzi anapata ngoma na matoazi. Ya tano hucheza vipande vya sauti iliyorekodiwa, lakini hula nafasi kubwa ya kumbukumbu.

Ndani ya mashine, noti ni nambari: moja ya kimo, nyingine ya muda, nyingine ya nguvu, na nguvu yenyewe ina ngazi 16 pekee, ukimya ukiwa mojawapo. Tena chombo hiki si cha muziki peke yake. Mchezaji akiruka au akipiga adui, mlio wa tendo hilo hupokonya sauti mojawapo na kuuacha wimbo na pengo kwa kitambo. Kwa hiyo mtunzi hupanga sauti zake akijua kabisa kwamba zitaporwa, na mahadhi lazima yaeleweke hata yakikatwa katikati.

Sasa iweke Boléro ndani ya chombo hicho. Ravel aliitoa 1928. Ngoma ndogo ya kijeshi hupiga mdundo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, karibu robo saa nzima, huku mahadhi mawili yakipokezana. Kinachobadilika ni ala: filimbi inaanza, klarineti inapokea, fagoti inafuata, na hivyo hivyo mpaka okestra yote imeingia kwa nguvu zake zote. Utamu wote umo katika kuongezeka huko. Famicom haina filimbi ya kumpokeza fagoti, na besi yake haiwezi kuanza kwa kunong'ona. Nadhani ingechosha kabla maandishi hayajamaliza kupanda. Hakimiliki, ambayo kwa kawaida haina rafiki miongoni mwa wanamuziki wenye haraka, safari hii ilimfanyia Kondo hisani.

Alichofanya ni kuchukua mahadhi aliyokwisha kuyatunga kwa ajili ya safari za nje ndani ya gemu hilohilo, akayapunguza mwendo na kuyapanga upya. Mwanakwaya yeyote anaweza kuyaandika. Yanaanza kwa do, yanashuka hadi so ya chini, yanarudi do, kisha yanapanda ngazi moja moja: re, mi, fa, so. Hapo so inashikiliwa. Mpaka hapo ni muziki wa gwaride tu. Halafu inakuja hatua inayonifanya niurudie: kutoka so yanapanda tena, lakini la imeshushwa nusu sauti, na ti nayo imeshushwa nusu sauti, ndipo yanafika do ya juu. Noti hizo mbili ni wageni katika skeli hiyo, na kwa muda mfupi gwaride lina kivuli.

Zima sauti za juu ubaki na besi. Mahadhi yanapopanda, besi inakwenda kinyume chake, ikishuka. Sauti mbili zinazoachana hivyo hufungua nafasi pana katikati, na katika nafasi hiyo Kondo ameweka wimbi la pili la mraba lijaze upatano, likigongagonga noti tatu-tatu za haraka. Boléro nayo ina mapigo ya tatu-tatu katika ngoma yake. Siwezi kudai kwamba mdundo wa Ravel ulivuka usiku ule na kuingia humu, lakini sikio langu linausikia mwendo huo wa askari asiyekimbia.

Yote hayo yalitoka wapi kwa usiku mmoja? Kondo, aliyezaliwa Nagoya 1961, alianza kujifunza kinanda cha umeme cha Yamaha, kiitwacho Electone, akiwa na miaka mitano. Baadaye alipiga katika bendi iliyorudia nyimbo za jazi na roki za watu wengine. Alipoingia Nintendo 1984, mojawapo ya kazi zake za awali ilikuwa kuandika mwongozo wa kuingiza nyimbo za Kijapani zinazopendwa ndani ya Famicom kwa kutumia Family BASIC, zana ya kuandikia programu kwenye mashine hiyo. Hiyo ni kazi ya kuchosha na ya kunakili, isiyo na sifa yoyote. Unachukua wimbo wenye gita, kinanda, ngoma na waimbaji, unauliza ni kipi kikitoka wimbo unakufa, na kingine chote unakitupa. Mtu aliyezoea kuuliza hivyo haogopi usiku mfupi. Hata muziki wa mapango ya Zelda, wenye noti chache zinazozunguka bila kutulia, wasikilizaji wameufananisha na "April" ya Deep Purple, bendi ambayo Kondo aliipenda.

Mwenzake wa Nintendo, Hirokazu Tanaka, alipata bahati tofauti na hakimiliki. Kwa Tetris ya Game Boy, 1989, alichukua Korobeiniki, wimbo wa Kirusi wa karne ya 19, na minueti kutoka French Suite ya tatu ya Bach. Wenye haki walikuwa wamekufa zamani. Kilichobaki kilikuwa kupanga mawimbi mawili ya mraba, wimbi moja ambalo mtunzi hujichorea umbo lake, na mvumo, na kwa fundi aliyekuwa mhandisi wa sauti kabla ya yote, hapo palikuwa nyumbani.

Tukirudi kwa Zelda, toleo la Japani lilikuwa na anasa moja: kifaa cha diski kiliongeza sauti ya sita, wimbi ambalo mtunzi hulichora mwenyewe kwa hatua 64. Mchezo ulipokwenda Marekani 1987 ndani ya katriji, sauti hiyo haikuwepo. Ikabidi skrini ya mwanzo ipangwe tena kwa sauti zilizobaki, na mpango huo mwembamba zaidi ndio waliousikia kwanza wachezaji wa nje ya Japani.