Swali la Kazimoto: Mateso na Maana ya Maisha katika Kichwamaji

Tangu Kichwamaji ilipochapishwa mwaka 1974, uhakiki wa riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi umezunguka sana jambo moja: Kazimoto, kijana msomi wa chuo kikuu, anajiua. Kwa wahakiki wengi kitendo hicho ndicho jibu la mwandishi kwa swali la kama maisha yana maana mbele ya mateso, na jibu lenyewe ni kwamba hayana. Baada ya hapo hugawanyika. Wapo wanaolisifu jibu hilo kwa ujasiri wake, na wapo wanaolikataa kwa hoja kwamba ni kukata tamaa kulikoazimwa Ulaya, kusiko na mizizi katika jamii ya Kiafrika wala katika fasihi ya Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja: zimechukua kifo cha mhusika kuwa ndilo hitimisho la kitabu.

Yafaa kuanza na dai la kuazima. Falsafa inayotajwa ni udhanaishi, na majina yanayoambatana nayo ni ya Sartre na Camus. Kuwapo kwa athari hiyo hakuna haja ya kukanushwa; mwandishi kusoma vitabu vya watu wengine si kosa. Lakini anayedai kwamba kitu kimeazimwa hana budi kukitazama kile kilichoazimwa. Katika Le Mythe de Sisyphe, kitabu cha mwaka 1942, Camus analiweka suala la kujiua kuwa tatizo la kwanza la falsafa, kisha anafikia uamuzi wa kulikataa. Mtu aliyetambua kwamba dunia haimjibu anatakiwa aendelee kuishi, macho wazi, bila kujidanganya na bila kukimbia. Katika La Peste ya mwaka 1947, daktari Rieux anaendelea kuwahudumia wagonjwa wa tauni ingawa anajua kwamba tauni haitashindwa moja kwa moja. Kwa hiyo, lau Kazimoto angekuwa nakala ya Camus, asingejiua. Sababu za kifo chake lazima zitafutwe ndani ya riwaya yenyewe.

Ndani ya riwaya, mateso si dhana. Yana majina, na yana watendaji. Rukia, dada yake Kazimoto, anapata mimba ya Manase, na mwisho wa mkasa huo ni kifo chake. Manase ni Mkuu wa Wilaya, mtu aliyesoma pamoja na Kazimoto na ambaye sasa anakaa upande wa pili wa meza, wenye madaraka. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Badala yake anampenda na kumwoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi wala haishi, na chanzo cha balaa hilo ni maradhi yaliyotokana na uasherati wa baba. Nyumba ya Manase nayo haikusalimika na balaa la aina hiyo hiyo.

Mfuatano huu ukitazamwa kwa makini, jambo moja linadhihirika: hakuna hata msiba mmoja kati ya hii uliodondoka kutoka mbinguni. Mimba ina mwenyewe, na maradhi yana njia yaliyopitia. Hata hivyo Kazimoto, ambaye ndiye msimulizi, anayachukua yote hayo na kuyageuza kuwa swali kuhusu Mungu, ulimwengu na upuuzi wa kuzaliwa. Hapa ndipo kinaya kikubwa cha riwaya kilipo. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hasemi kwa niaba ya mwandishi; anasema kwa niaba ya moyo wake uliojeruhiwa, na moyo huo una sababu ya kupendelea swali kubwa kuliko swali dogo. Swali kubwa, la kama maisha yana maana, halimtuhumu mtu. Swali dogo, la nani aliyemtenda nani, lingemtuhumu Manase, na mara moja baadaye lingemgeukia Kazimoto mwenyewe, aliyekusudia kumfanyia dada wa mwingine kile kile kilichofanyiwa dada yake.

Jina la kitabu linathibitisha usomaji huu. Kichwamaji ni yule mtoto, lakini pia ni kizazi cha wasomi waliojazwa kichwa na kuachwa moyo mkavu. Ugonjwa wa mtoto ni alama ya ugonjwa wa baba.

Dai la pili, kwamba uchungu wa namna hii ni mgeni katika fasihi ya Kiswahili, halisimami hata kidogo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 19, unasimama juu ya magofu ya Pate na kuuhoji moyo. Majumba yaliyowaka taa sasa ni makao ya popo, na waliokuwa wakitembea kwa maringo wamo kaburini. Hakuna riwaya ya kisasa iliyoutazama ubatili wa dunia kwa jicho kali kuliko hilo. Tofauti haiko katika ukubwa wa uchungu, iko katika mahali unapoelekezwa. Mshairi anaukemea moyo wake mwenyewe ili ugeuke kabla saa haijapita. Uharibifu wa mji unakuwa hoja, na hoja hiyo ina wa kuambiwa.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi kwa Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Mafunzo yake juu ya utii wa mke yamekwisha kujadiliwa na kupingwa, na ni haki yapingwe. Lakini kwa suala lililo hapa, kilicho muhimu ni kitendo chenyewe. Mwanamke aliye kitandani hakuuliza kwanza kama mateso yake yana maana. Alimwita mtoto, akamtaka achukue karatasi na wino, akaanza kusema. Maana haikupatikana kabla ya maneno. Iliumbwa katika kumwambia mwingine.

Kwa kipimo hicho, kasoro ya Kazimoto inaeleweka vizuri zaidi. Anazo fikra, tena nyingi, hana msikilizaji. Elimu imemtenga na wazee wake, madaraka yamemtenga na rafiki yake, na ndoa yake, ingawa ina mapenzi, ilipandwa katika shamba la kisasi. Mjadala kuhusu Mungu na maisha umo kitabuni, lakini ni mjadala wa kushindana. Hakuna anayemkabidhi mwenzake maumivu yake ili wasaidiane kuyabeba. Kazimoto basi hafi kwa sababu amethibitisha kwamba maisha hayana maana. Anakufa kwa sababu ameitafuta maana mahali isipopatikana, yaani ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Usomaji huu haumwondolei mwandishi lawama zote. Ipo lawama moja nzito ambayo uhakiki umeipita haraka mno. Aliyeteswa zaidi katika riwaya hii si Kazimoto. Ni Rukia. Naye Rukia hapewi nafasi ya kuuliza swali lolote. Anaumia, anakufa, na kifo chake kinakuwa mtaji wa tafakuri za kaka yake. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971 Kezilahabi alikuwa amefanya vingine: Rosa, baada ya kujiua, anafikishwa mbele ya hukumu ya mbinguni pamoja na baba yake Zakaria, na hapo binti anapata kusema. Ni kweli kwamba sauti hiyo inakuja ikiwa imechelewa, mhusika akiwa amekwisha kufa. Lakini ilikuja. Katika Kichwamaji haikuja kabisa. Swali la maana ya mateso likibaki mikononi mwa wenye elimu na ufasaha peke yao, linageuka kuwa anasa, na wale walioyabeba mateso yenyewe wanabaki mifano tu. Inawezekana mwandishi alilijua hilo na kulifanya kuwa sehemu ya shutuma yake kwa wasomi. Riwaya haitoi ushahidi wa kutosha wa kumaliza ubishi huo. Msomaji mwangalifu hawezi kuufumbia macho ukimya wa Rukia.

Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, hakuliacha swali hili. Alilirudia katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, na baadaye katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, ambamo aliuacha uhalisia. Mwandishi aliyekwisha kupata jibu hana haja ya kurudi njia hiyo hiyo kwa miaka ishirini.

Mwalimu anayekipeleka kitabu hiki darasani, basi, asiogope kwamba anawapa vijana sumu ya kigeni, wala asiwaambie kwamba Kazimoto ni shujaa. Awaulize wanafunzi nani alimtenda nani. Kisha awaulize Rukia angesema nini kama angepewa karatasi na wino.