Mtungi Mtupu kwa Uliojaa

Alfajiri pale sokoni Marikiti, mvuta mkokoteni hupakia magunia ya viazi, akakabili mlima wa Museum Hill kuelekea Westlands. Kifua kimeegemea chuma cha mbele, vidole vya miguu vinang'ang'ania lami. Kila nikimpisha karibu na Chiromo, wanakosomea wanafunzi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mawazo yangu huingia kifuani mwake.

Moyo wake una akiba ya ATP, nishati iliyo tayari kutumika, ya sekunde chache tu. Mitokondria, matanuri yanayoitengeneza, zimejaza takriban theluthi moja ya kila seli ya msuli wa moyo. Ila mimi sichoki kuwastaajabia wachukuzi wa mlangoni.

Kuni kuu za moyo ni mafuta. Asidi ya mafuta hufika ikiwa imefungwa kwa molekuli ya koenzaimu A, na hivyo haina ruhusa ya kupita. Basi kwenye utando wa nje wa tanuri kimeng'enya huifungua, kikaipandisha asidi juu ya molekuli ndogo iitwayo karnitini, jina lililotokana na neno la Kilatini la nyama, kwani iligunduliwa ndani ya nyama mwaka 1905. Mchukuzi wa utando wa ndani huivusha. Ng'ambo, kimeng'enya cha pili huishusha asidi na kuifunga kwa koenzaimu A nyingine, ya humohumo ndani. Karnitini hutoka tupu, kufuata mzigo mwingine.

ATP ikishaiva, hutolewa vipi? Wakazi wa Kawangware wanaijua biashara hii: unapeleka mtungi wa gesi mtupu, unapewa uliojaa. ADP moja, yaani ATP iliyokwisha kutumika, inaingia, ATP moja inatoka.

Protini inayobadilishana mitungi hiyo ina umbo la kikombe, kinachofunguka nje, kisha ndani, wala si pande zote kwa mpigo. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walionyesha umbo lake, wakitumia protini ya moyo wa ng'ombe iliyonaswa kwa sumu ya mmea ikiwa imefunguka nje. Mwaka 2019 wenzao wa Cambridge wakaionyesha, safari hii ile ya kuvu, ikiwa imefunguka ndani. Nimezitazama picha hizo mbili kwa muda mrefu. Mlango ungeachwa wazi kotekote, chaji ya umeme iliyohifadhiwa na utando huo ingevuja, na tanuri likazimika. Chaji hiyohiyo ndiyo inayosaidia kazi: ndani ni hasi, ATP ina chaji hasi nne, ADP tatu, kwa hiyo iliyojaa husukumwa nje kwa nguvu zaidi. Uzuri ulioje!

Westlands, yule bwana anashusha gunia la mwisho, anajifuta uso kwa shati, anageuza mkokoteni mtupu na kuteremka tena Marikiti.