Jinsi tcpdump ilivyofungiwa kizimbani

Kwenye FreeBSD, anayetaka kuona pakiti zinazopita mtandaoni kwa tcpdump huiendesha kwa mamlaka ya root, maana kwa kawaida bila hayo kifaa cha /dev/bpf hakifunguki. Hapo ndipo hatari ilipo. Programu yenye mamlaka makubwa kuliko zote ndiyo inayochambua data isiyoaminika kuliko zote, zikiwemo pakiti zilizotungwa makusudi na mvamizi. Ilianza kuandikwa mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, kwa lugha ya C, na tangu hapo imeongezewa vichambuzi vya itifaki chungu nzima. Toleo la 4.9.2, la Septemba 2017, liliziba makumi ya mianya kwa mpigo, mingi ikiwa ya aina moja: msimbo unasoma kupita mwisho wa bafa.

Kuziba mwanya mmojammoja ni kazi isiyokwisha. Swali la maana zaidi ni hili: mvamizi akishaiteka tcpdump, atapata nini? Kwa desturi ya Unix atapata kila kitu, kwa kuwa kerneli huuliza mchakato ni wa nani, haiulizi unahitaji nini.

Capsicum, mfumo wa kufungia michakato kizimbani, ilikuja na jibu jingine. Robert Watson na Jonathan Anderson wa Cambridge, pamoja na Ben Laurie na Kris Kennaway wa Google, waliiwasilisha mwaka 2010, wakijenga juu ya wazo la mchakato kushika haki mahususi tu, ambalo watafiti Dennis na Van Horn walikwisha kuliandika mwaka 1966. Mchakato ukiita cap_enter, hauwezi tena kufungua faili kwa kutaja njia yake wala kuanzisha muunganisho mpya wa mtandao. Hauna njia ya kurudi, na watoto wake hurithi kifungo hicho. Unabaki na yale mafaili na soketi ulizokuwa umeshazifungua, na hata hizo unaweza kuzipunguzia haki kwa cap_rights_limit.

tcpdump ilifaa kwa jaribio hili kwa sababu ya mpangilio wa kazi yake. Hufungua kifaa, hutafsiri kichujio cha mtumiaji, kisha huingia kwenye kitanzi cha kusoma na kuchapa. Wito wa cap_enter uliwekwa kabla tu ya kitanzi hicho. Badiliko la kwanza lilikuwa mistari miwili.

Uzuri wenyewe uko katika yaliyofuata. Kifaa cha bpf kilibakiziwa haki ya kusoma, pamoja na amri mbili tu za ioctl: ya kuuliza takwimu na ya kuzungusha bafa. Bila kubana hivyo, tcpdump iliyotekwa ingeweza kubadilisha kichujio na kuanza kunasa mazungumzo ambayo msimamizi hakuyaomba, au kurusha pakiti zake yenyewe.

Kisha DNS ikakwama. tcpdump hupenda kuonyesha majina ya mashine badala ya anwani, na maktaba ya C husubiri hadi jina la kwanza lihitajike ndipo ifungue /etc/resolv.conf. Wakati huo mlango umeshafungwa. Programu haianguki, lakini majina hayapatikani, na chanzo hakionekani mpaka ufuatilie miito ya mfumo kwa ktrace. Kwangu hili ndilo somo zito kuliko yote katika kazi hii: anayejenga kizimba lazima ajue kila maktaba inafungua nini, na lini.

Suluhisho la FreeBSD ni Casper, mchakato wa pembeni unaoanzishwa mapema na kubaki nje ya kizimba. tcpdump huutumia ombi, nao huijibu. Ombi lenyewe limebanwa: toa anwani ya IP, upewe jina, basi. Tundu dogo linabaki hata hivyo, kwani anayemiliki seva ya majina ya anwani fulani ataona maswali yanayomfikia, na mvamizi anaweza kupitishia siri humo kidogokidogo. Ukitumia chaguo la -n, DNS haiguswi kabisa.

Mafaili yanayozungushwa kwa chaguo la -C yalihitaji akili zaidi, kwa sababu majina mapya huzaliwa baada ya mlango kufungwa. Saraka hufunguliwa mapema, na kila faili jipya huundwa ndani yake kwa openat. Kerneli hukataa jaribio lolote la kupanda juu ya saraka hiyo.

Chaguo la -z ndilo lililoshindikana. Huagiza programu nyingine ibane kila faili lililokamilika, na msimbo, ukiliona, hauingii kizimbani kabisa. Hakuna onyo linalochapwa. Msimamizi aliyeongeza chaguo hilo moja kwenye amri yake ili kuokoa nafasi ya diski amerudia hali ya zamani bila kujua, akiwa root. Naona kosa hapo, na dawa yake haizidi mistari michache: tcpdump iseme wazi, inapoanza, kama imo kizimbani au haimo.