Jiwe mbele, minyaa kandokando

Ukitoka Goma kwenda kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2, unaanza safari katikati ya kuta za mawe meusi. Ukishapita Kibumba na Rumangabo, mawe yanapungua na udongo unazidi kuwa mzito. Ukifika Kiwanja, kilomita zaidi ya 70 kutoka Goma, nyua zimekuwa za aina nyingine: matete, mbao za mikaratusi, matofali, na minyaa, mti ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani ambao kwa Kinyabwisha huitwa umuyenzi.

Mama yangu mdogo aliishi Goma miaka mingi. Mwaka 2019, alipomaliza kuezeka nyumba yake Kiwanja, alitaka ukuta kama wa Goma: mawe na simenti, meta mbili kwenda juu, kuzunguka parseli nzima. Parseli yenyewe ni meta 20 kwenye barabara na meta 25 kwenda nyuma. Hakuujenga ukuta huo. Nimeufuatilia ua alioujenga kwa miaka kadhaa sasa, na naamini kwa familia ya Kiwanja ndio ulio bora.

Tuanze na sababu ya ukuta wa Goma kuwa ulivyo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi ziwa Kivu. Watu waliporudi walijenga juu ya jiwe lile lile. Kupata mahali pa kusimamisha nyumba, lazima uvunje lava kwa mtaimbo na nyundo, na mawe uliyoyavunja huna pa kuyatupa, unayapanga mpakani. Kule jiwe liko chini ya miguu yako, lakini kuchimba shimo moja la nguzo kunaweza kukumalizia siku. Kiwanja ni kinyume kabisa. Shimo la nusu meta unalichimba kabla chai haijapoa, ila jiwe linakuja kwa lori, nawe unalipia kila meta ya mchemraba.

Fundi alikaa na mama mdogo kwenye gogo, akapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Ukitoa meta 3 za mlango, zinabaki meta 87 za ukuta. Kwa urefu wa meta mbili, chini upana wa sentimeta 80 na juu 40, unahitaji meta za mchemraba zaidi ya 100 za mawe, kabla hujagusa msingi. Kisha akafanya hesabu ya upande wa barabara peke yake, meta 17, ukuta wa meta 1 na sentimeta 20: kama meta za mchemraba 10 tu, na mbili na nusu za msingi. "Mama, mbele weka jiwe," akasema. "Huku kwingine panda."

Mama mdogo hakulipenda neno "panda". Kwake ua wa miti ulikuwa ua wa mtu asiye na uwezo. Ndipo tukaanza kupima kila aina kwa kuangalia maisha yanayoendelea ndani ya ua ule: watoto wanne, mbuzi, jiko la nje, nguo za kuanika, wageni wa matanga wanaojaa mpaka nje.

Mabati, au matole kama tunavyosema, yanafunga haraka, siku mbili umemaliza. Lakini kingo zake hukata watoto, jua la saa saba huyafanya kama kikaango, na upepo ukipata kona moja iliyolegea unaing'oa safu nzima. Mbao za mikaratusi ni nzuri mwaka wa kwanza. Mguu wa nguzo, pale ardhi inapokutana na hewa, ndipo mchwa na unyevu hukutana, na hata ukiuunguza moto au kuupaka oili chafu umenunua muda tu. Tofali bichi linahitaji kofia juu na jiwe chini, la sivyo matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini huula ukuta kuanzia miguuni. Matete ni rahisi kuliko vyote, nayo huoza upesi kuliko vyote.

Hapo ndipo fundi alipoonyesha ujuzi wake. Kuoza kwa matete, alisema, ndiko tutakakokutumia.

Kazi ilianza Septemba, mvua zilipokuwa zinaingia. Kwanza waliitwa majirani wote watatu na shefu wa avenyu, kamba ikavutwa kutoka pembe hadi pembe wakiona. Nasisitiza hili kwa sababu ua wa miti hunenepa. Mnyaa uliopandwa leo ukiwa kama kidole, baada ya miaka michache pamoja na wenzake utachukua upana wa meta nzima. Ukiupanda juu ya mstari bila makubaliano, umekula nusu meta ya mwenzako. Jirani wa kulia na wa kushoto walikubali upandwe mpakani, kila mmoja atoe nusu. Wa nyuma alikataa, kwa hiyo upande ule kamba ilirudishwa ndani sentimeta 50. Kwa jumla ua ulimla mama mdogo meta za mraba 45 kati ya 500, karibu asilimia 9 ya parseli yake. Hiyo ndiyo bei halisi ya ua wa miti, na mwenye parseli ndogo sana asidanganywe kwamba ni wa bure.

Vipandikizi vilikatwa urefu wa mkono, 300 hivi: 280 vya kupanda kila sentimeta 25 kwa meta 70, na vichache vya kuziba mapengo. Havikupandwa siku hiyo. Vililazwa kivulini siku tatu mpaka utomvu mweupe ukakauka kwenye jeraha, kwa sababu kijiti kinachopandwa kikivuja huoza kabla hakijatoa mizizi. Utomvu huo ni hatari. Ukiingia jichoni unachoma na unaweza kudhuru kuona, hivyo siku ya kukata watoto walipelekwa kwa bibi yao, na aliyeshika panga alivaa miwani. Akirukiwa mtu, ni maji mengi hapo hapo, kisha kituo cha afya.

Nje ya mstari wa vipandikizi ndipo ukasimamishwa ua wa matete, yaliyoletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, yakafungwa kwa fito tatu za mlalo. Matete yalifanya kazi mbili: yaliipa nyumba faragha tangu wiki ya kwanza, na yalizuia mbuzi na miguu ya watu isivunje miche. Minyaa yenyewe mbuzi hawaili, ila huikanyaga. Miaka miwili baadaye matete yalikuwa yanaanguka vipande vipande, na minyaa ilikuwa imepita kichwa cha mtu.

Ukuta wa mbele ulijengwa bila simenti, na hapo mama mdogo alibishana kwa muda mrefu. Msingi ulichimbwa sentimeta 20, ukajazwa mawe makubwa. Juu yake zikaja safu mbili za mawe, ya nje na ya ndani, zikilaliana kidogo kuelekea katikati, na pengo likazibwa kwa vipande vidogo vilivyopigwa nyundo mpaka visicheze. Siri ni yale mawe marefu yanayolazwa kukata ukuta mzima, uso hadi uso, kila baada ya meta moja hivi. Bila hayo, pande mbili huachana na tumbo hutokea. Ukuta wa aina hii hupitisha maji ya mvua. Wa simenti usiotobolewa matundu chini hugeuka bwawa upande wa juu wa mteremko, halafu hupasuka.

Kwa nini meta 1 na sentimeta 20 tu? Kwanza ni usalama: mawe yasiyoshikwa na simenti yakipanda sana ni hatari kwa mtoto anayeparamia. Pili, aliye ndani anaona barabara. Ukuta mrefu humficha mwenye nyumba, na mwizi aliyekwisha ruka humficha vile vile. Tatu, jambo ambalo hakuna aliyelipanga: akina mama wanaotoka shambani na kuni mgongoni, kamba ikiwa kwenye kipaji, husimama pale, wanageuka, wanaegemeza mzigo juu ya ukuta, wanapumua bila kuushusha. Mama mdogo huwatolea maji.

Oktoba 2022 vita vilipofika tena Kiwanja, familia ilikimbia kama ilivyokuwa imekimbia Julai 2012. Walipoweza kurudi, nyumba haikuwa na milango. Kwa majirani, mbao za nyua zilikuwa zimegeuka kuni na matole yamebebwa. Hapa ndipo nilipouelewa ua ule vizuri. Minyaa haifai kuni ikiwa mibichi, mtu hawezi kuibeba akaiuza, na hakuna anayependa kuikata na utomvu wake. Ilikuwa imesimama, imepanda zaidi ya meta mbili, pembe zote nne zikionekana. Mawe machache ya juu yalikuwa yameanguka upande wa mlango, nayo yalirudishwa asubuhi moja. Mahali pengine mtaani watu walikuwa wanagombana mstari ulipita wapi, wengine hati zao zimeungua au zimebaki kambini. Kwa mama mdogo, shefu wa avenyu alisimama kwenye pembe, akatazama safu ya kijani hadi mwisho, akaondoka.

Jirani wa nyuma, yule aliyekataa mwaka 2019, ua wake wa mbao ulikwisha wote. Mvua za Septemba zilipokaribia alikuja na chukudu kuomba vipandikizi vya pande zake mbili zilizobaki wazi. Walimkatia 180, wakavilaza chini ya mwembe. Nilipovipitia vilikuwa na siku ya pili. Nilikigusa kimoja kwenye mkato, bado kinanata.