Meza Iliyofungwa Mapema

Harambee ya ujenzi ya Jumamosi iliuawa na sentensi moja. Mliotazama mliisikia: foleni ya kina mama imeshika kasi, vikapu vinazunguka, wimbo umekolea, mara mshereheshaji anatangaza kwamba muda umetubana, sasa meza inapokea kuanzia shilingi 5,000 kwenda juu. Wengine watume kwa Paybill wakifika nyumbani.

Mgeni rasmi alikuwa bado hajafungua bahasha. Uwanja ulikuwa umepata moto ambao pesa haziununui, na kamati ikaumwagia maji. Tena waliotumwa kuwarudisha kina mama vitini ni wale vijana wa fulana za kijani, waliojitolea kupanga viti na kuteka maji. Kamera ilimnasa mmoja akimshika mama kiwiko, noti ya 200 bado imekunjwa kiganjani mwa mama. Jioni fulana za kijani hazikuonekana, viti vikakusanywa na madereva wa wageni. Kamati iliona 200 tu, haikuona kwamba mwenye 200 ndiye atakayebeba mawe ya msingi, na mwanawe ndiye atakayechanganya saruji bure. Umewafukuza wote kwa mpigo, halafu unalia eti siku hizi watu hawajitolei.

Na huo muda uliobana? Baadaye tulipigishwa picha na hundi ya kadibodi hadi jua likapunga. Iliandikwa mamilioni, lakini ni ahadi, na fundi halipwi kwa ahadi.

Sikatai, uhasibu ulikuwa safi, risiti zilitoka papo hapo; kilichoharibika ni mpangilio.

Wazee wetu walijua kupanga harambee. Shule nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa kwa michango ya watu walioleta mahindi, mayai na nguvu zao. Ajuza akija na kuku, kuku ananadiwa. Aliyemnunua anamrudisha, ananadiwa tena, na jina la bibi linatajwa kila bei ikipanda. Mkubwa alitoa baada ya hapo, akijua ameshapimwa na kuku.

Hata simu si kisingizio. Kampeni ya Kenyans for Kenya ilipozinduliwa Julai 2011 kwa ajili ya walioathiriwa na ukame, lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na mwenye shilingi 10 alikaribishwa kuzituma kwa M-Pesa. Lengo lilifikiwa kabla ya muda. Pale simu ilikuwa mlango wa kuingilia. Jumamosi ilikuwa mlango wa kutolewa nje.

Awamu ya paa inakuja. Taarifa ya Paybill ina majina ya waliotuma licha ya kufedheheshwa, na mwenyekiti wa vijana anawajua wa fulana za kijani wote. Mweka hazina awatafute mmoja mmoja wiki hii, awashukuru, akate simu. Habari za mabati zisubiri mwezi ujao.