Neno "Frost" na Wafasiri Wake

Walimu wengi wafasiripo neno la Kiingereza "frost" huandika barafu, wakapita. Twaona tafsiri hiyo ni ya haraka, nayo huharibu maana hasa pale maana inapotakiwa.

Neno hili ni ndugu wa tendo la kuganda, na katika Kiingereza cha kale liliandikwa pia "forst". Hubeba mambo mawili: baridi igandishayo maji, isiyoonekana kwa macho, na ule unga mweupe uonekanao alfajiri juu ya majani. Wako wauelezao unga huo kuwa umande ulioganda. Sivyo hasa, maana mvuke wa hewani hugeuka barafu papo hapo juu ya kitu cha baridi, bila kuwa maji kwanza.

Waebrania walikuwa na maneno mawili. Katika habari za mana, Kutoka 16:14, neno ni "kefor", ndio ule unga. Yakobo amlalamikiapo Labani, Mwanzo 31:40, neno ni "kerah". Waingereza wa 1611 waliandika "frost" pote pawili, ila kwa mana waliongeza sifa ya weupe wa mvi. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 waliandika sakitu kule, na baridi huku. Twawasifu, kwa kuwa walifuata jambo lenyewe, wala hawakumfuata Mwingereza. Mwalimu asemaye kwamba mana ilikuwa kama barafu humwazisha mwanafunzi donge gumu, naye hataelewa tena kwa nini yasemwa kuwa ndogo.

Na barafu yenyewe ni neno la Kiajemi lenye maana ya theluji. Theluji nayo tuliipata kwa Waarabu, maana ni ile ile. Tulipokea mawili kwa jambo moja, tukayagawia kazi wenyewe. Basi sakitu nayo ipewe kazi yake.

Lakini isizidishiwe. Januari 2012 baridi iliunguza chai huko Kericho. Jani la namna hiyo huwa jeusi kama lililopitiwa na moto, na pengine hapana weupe wo wote juu yake. Mwandishi akisema sakitu, msomaji atatafuta asichokiona. Vivyo hivyo "permafrost", neno alilolitunga Siemon Muller mwaka 1943, ni ardhi iliyokaa imeganda miaka miwili au zaidi, wala hamna sakitu ndani yake.

Waingereza huita "frost" hata mchezo wa jukwaani uliokosa watazamaji. Hapo tuseme tu kwamba mchezo ulidoda.